Liongo Bado Hajapata Msomaji: Maoni ya Msikilizaji wa Hadithi za Ucheshi na Ujasiri

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuipanga kazi ya sanaa katika makundi mawili makuu: simulizi na andishi. Kitabu cha kusikiliza kimekuja kuketi katikati ya makundi hayo, na kwa sababu hiyo kimekosa mwenyewe. Mtaalamu wa fasihi andishi hukiona kuwa ni kitabu kilichopoteza kurasa zake. Mtaalamu wa fasihi simulizi naye hukiona kuwa ni hadithi iliyopoteza hadhira yake. Huku tukiendelea kubishana kuhusu mahali pa kukiweka, wasikilizaji wamekwisha kukipokea. Abiria atokaye Malindi kwenda Garsen, na mwenziwe aendeleaye hadi Hola au Lamu, hutia visikizi masikioni na kumwachia msimuliaji kazi ya kuifupisha safari.

Makala haya ni maoni ya msikilizaji mmoja wa aina hiyo. Hayadai kuwa utafiti. Hoja yangu ni kwamba hadithi za ucheshi na hadithi za visa vya ujasiri ndizo zinazofaa zaidi kusikilizwa, na ndizo ambazo idara zetu zimezipa nafasi ndogo zaidi. Hasara ya jambo hili inaonekana waziwazi katika eneo la Mto Tana, ambako kisa kikubwa cha ujasiri katika Kiswahili kina makao yake, lakini ambako msikilizaji akitaka kuusikia mto wake katika kitabu humlazimu kuusikia kwa Kiingereza, kutoka kinywani mwa mgeni.

Mto Tana katika kitabu cha mgeni

Huenda wasomaji wengi wa jarida hili wakashangaa kusikia kwamba mojawapo ya riwaya mashuhuri za ujasiri za Uingereza katika karne ya 19 inaanzia Lamu na kupanda Mto Tana. Riwaya hiyo ni Allan Quatermain ya H. Rider Haggard, iliyochapishwa mwaka 1887. Ndani yake Waingereza watatu na shujaa wa Kizulu aitwaye Umslopogaas wanaondoka Lamu, wanagombana na wapagazi wao walipofika Charra, wananunua mitumbwi na kuupanda mto hadi kwenye kituo cha wamishonari. Njiani wanashambuliwa usiku wakiwa mtumbwini. Baadaye wanampata Alphonse, mpishi Mfaransa mwoga na mwenye maneno mengi, ambaye mwandishi amemtia makusudi ili msomaji apate kucheka kati ya pigano moja na jingine.

Haggard alitegemea sana maandishi ya msafiri Joseph Thomson, aliyechapisha habari za safari yake katika nchi ya Wamasai mwaka 1885. Hata hivyo, hadithi yake ya kubuni ilikaribiana mno na mambo ya kweli. Mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe waliuawa na Wamasai huko Golbanti, kwenye Mto Tana huohuo, na Haggard akalitaja tukio hilo katika tanbihi ya kitabu chake. Mtu aliyekulia pande za Ngao, Tarasaa au Golbanti hawezi kuisikiliza sehemu hiyo kama anavyosikiliza hadithi ya nchi ya mbali.

Jina la Haggard si geni katika historia ya lugha yetu. Riwaya yake nyingine ilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, na Johnson huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili. Kwa hiyo visa vya ujasiri vilikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza ambavyo Kiswahili Sanifu kililishwa utotoni mwake.

Leo kitabu cha Allan Quatermain kinasikika bure. Mradi wa LibriVox, ulioanza mwaka 2005, huwakusanya watu wa kujitolea ambao husoma kwa sauti vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki na kuviweka kwenye intaneti. Nimekisikiliza kitabu hicho, na sitasema kwamba hakikunifurahisha. Shambulio la usiku mtoni lilinifanya nishike pumzi. Alphonse alinichekesha. Lakini jambo moja lilinikaa moyoni kama mwiba: katika mto huo wote, watu wenye mto wanapita pembezoni tu. Mpokomo apigaye kafi, Muorma anyweshaye mifugo yake, Mswahili wa Kipini aujuaye mlango wa mto, wote ni kivuli nyuma ya mgeni. Mgeni ndiye anayeogopa, ndiye anayethubutu, ndiye anayechekesha. Sina haja ya kumlaumu Haggard aliyefariki mwaka 1925. Aliandika kwa watu wake na kwa wakati wake. Ninachouliza ni kwa nini sisi, wenye kisa kikubwa kuliko chake katika mto huohuo, hatujakisoma kwa sauti.

Liongo ni hadithi ya sikio

Kisa hicho ni cha Fumo Liongo. Wenyeji wa Kipini na Ozi, pale Tana inapokutana na bahari, huonyesha mahali panapoaminiwa kuwa kaburi lake. Wapokomo nao wanaye Liongo wao. Edward Steere alichapisha masimulizi yake kwa Kiswahili mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu aliutunga utendi wake maarufu mwaka 1913, na Alice Werner, aliyetembea pwani yetu katika miaka hiyo na kuandika pia kuhusu ngano za Wapokomo, alikipeleka kisa hicho kwa wasomi wa Ulaya. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba matini hayapo. Yapo kwa nathari na kwa ushairi. Lakini mimi Liongo nimemsikia barazani na nimemsoma darasani. Katika simu yangu bado hajanifikia kwa usomaji unaomstahili.

Naomba tuvitazame vituo vitatu vya kisa hiki kwa sikio la msikilizaji.

Kituo cha kwanza ni njama ya makoma. Maadui wanapanga kula kikoa: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake matunda, ili zamu ya Liongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Zamu yake inapofika, Liongo hapandi. Anachukua upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Hapa mna taharuki na kicheko kwa pamoja. Msikilizaji anajua hatari iliyopo, maadui wanangoja, na shujaa anaivunja njama bila hata kuwaambia kwamba ameitambua. Msomaji wa sauti akiharakisha, kicheko kinapotea. Akinyamaza kidogo baada ya Liongo kutazama juu, basi kimya hicho kinafanya kazi kuliko sentensi kumi. Na mtu wa Tana hahitaji kuelezwa mkoma ni nini, kwa maana ameuona ukingoni mwa mto tangu utotoni.

Kituo cha pili ni gerezani. Liongo amefungwa minyororo na chakula chake kinapitia kwa walinzi. Mikate mizuri wanaila wao, na ule wa wishwa wanampa mfungwa. Mama yake anaifahamu tabia hiyo, na kwa kupitia kwa kijakazi Saada anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Ulafi wa walinzi ndio unaomfungulia mfungwa mlango. Kisha Liongo anaomba achezewe gungu kabla ya kuuawa, na kelele za ngoma na matuazi zinapopanda, yeye huku ndani anaikata minyororo bila mlio wa tupa kusikika. Tulizingatie jambo hili: kituo kizima kimejengwa kwa sauti. Kuna sauti inayoficha sauti nyingine, na msikilizaji ndiye peke yake anayezijua zote mbili. Anayesoma kimyakimya analazimika kuiwazia hali hiyo. Anayesikiliza anawekwa ndani yake.

Kituo cha tatu ni kifo. Mwanawe mwenyewe, akiwa amehadaiwa kwa ahadi, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti na kuupachika mshale. Hapo anakata roho, naye bado amelenga. Watu wanaogopa kuteka maji kwa sababu hawajui kwamba wanamwogopa maiti. Mji mzima una kiu mbele ya mtu aliyekufa. Ni jambo la kutisha, na kwa namna fulani ni jambo la kuchekesha pia, kwa kuwa waoga hao ndio waliopanga kumwua. Msomaji hodari ataziweka hisia hizo mbili katika pumzi moja. Msomaji dhaifu atachagua moja na kuiua nyingine.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba usomaji wa sauti ni ufasiri. Anayesoma Liongo kwa sauti anaamua, katika kila sentensi, kama tucheke au tuogope. Uamuzi huo hauna tofauti na ule anaoufanya mhakiki kwa kalamu. Tofauti yake ni kwamba hauwezi kufutwa na kuandikwa upya mbele ya msikilizaji.

Ucheshi hautokani na lafudhi ya jirani

Baada ya ujasiri, na tuutazame ucheshi wenyewe, kwa kuwa ndio mgumu zaidi kusoma. Hadithi ya huzuni ikisomwa vibaya hubaki na huzuni kidogo. Hadithi ya kuchekesha ikisomwa vibaya haibaki na kitu.

Mfano ulio mwepesi ni ule wa Abunuwasi na sufuria, ambao kila mmoja wetu anaujua. Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akadai kwamba ile kubwa imezaa. Mwenye mali alipokea kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi hakuirudisha, akasema sufuria imekufa. Kisa hiki hakina neno gumu hata moja. Nguvu yake yote imo katika uzito wa uso na wa sauti. Msomaji akicheka yeye kwanza, msikilizaji hana sababu ya kucheka. Akilisema neno la kifo cha sufuria kwa masikitiko ya mtu aliyetoka mazikoni, kicheko kitamtoka msikilizaji hata kama amekisikia kisa hicho mara mia.

Mfano wa pili ni riwaya za Muhammed Said Abdulla, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Hizi ni riwaya za upelelezi, lakini anayezisoma kwa ajili ya upelelezi pekee anakosa nusu ya karamu. Bwana Msa na kiko chake, Najum na mshangao wake, na mazungumzo ya Waunguja wanaozungukana kwa maneno kabla ya kufika kwenye jambo, vyote hivyo ni ucheshi wa lugha. Ukivisoma kwa lafudhi ya taarifa ya habari, vinanyauka. Vinahitaji msomaji aliyekulia katika Kiswahili hicho au aliyekaa nacho hadi kikamkubali.

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo kwetu Garsen si la mchezo. Ipo njia rahisi ya kuchekesha katika rekodi: msimuliaji hubadilisha lafudhi, na mhusika mjinga, mwizi au mshamba hupewa lafudhi ya kabila fulani. Tumeizoea njia hii katika michezo ya redio na runinga tangu zamani, na mara nyingi tumecheka. Lakini sauti inayosafiri haichagui masikio. Katika Tana River wanaishi Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wawata, Waswahili na wengineo. Wote wanazungumza Kiswahili, na kila mmoja anakizungumza na alama ya lugha yake ya mama. Mwaka 2001 na tena kuanzia Agosti 2012, wakulima na wafugaji wa eneo hili walimwaga damu. Katika kijiji cha Riketa, tarehe 22 Agosti 2012, waliuawa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, na hadi mapigano yalipotulia waliokufa walikuwa wamezidi 100. Chanzo cha maafa hayo kilikuwa ardhi, maji, malisho na siasa. Sisemi kwamba kicheko kilileta panga. Nasema kwamba mahali palipopita panga, lafudhi ya jirani haiwezi tena kuwa kitu cha kuchezea ovyo. Mtoto wa mfugaji anayesikia kila mjinga wa hadithi akizungumza kama baba yake anajifunza jambo kuhusu baba yake, na mtoto wa mkulima aliye karibu naye anajifunza jambo hilohilo.

Wapo watakaosema kwamba nikiondoa lafudhi nimeondoa ucheshi wote. Hilo halina ukweli. Tazama tena mifano niliyoitaja. Walinzi wa Liongo wanachekesha kwa sababu ya ulafi wao. Mwenye sufuria anachekesha kwa sababu tamaa imemfanya akubali kwamba chuma huzaa. Waoga wa kisimani wanachekesha kwa sababu wanatishwa na kazi ya mikono yao. Kila kicheko hapo kimetokana na tendo, na mtu wa kabila lolote anaweza kujiona ndani yake na kujicheka. Lafudhi itumike pale inapobeba mhusika mzima, pamoja na hekima yake na heshima yake. Muorma wa kweli katika hadithi awe na haki ya kuwa shujaa, mjanja na mcheshi kwa lafudhi yake mwenyewe, na ikiwezekana asomwe na Muorma.

Sifa na kasoro za rekodi za leo

Haitakuwa haki kuzungumza kana kwamba tunaanza katika jangwa tupu. Waliokuwa wakisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka kipindi cha watoto cha Mama na Mwana na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Nchini Kenya, mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba hadithi ya kusikika inaweza kuwafunza watu mambo mazito ya uzazi na familia bila kuwachosha. Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema ya mwaka 1996, alikuwa pia mtangazaji, na ninaamini kwamba sikio hilo la utangazaji linasikika katika nathari yake. Safari za Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale zina mwendo wa mtu anayejua msikilizaji atachoka wapi. Tangu kifo chake mwezi Aprili 2020, tumemkumbuka kwa makongamano na makala. Kumsoma vizuri kwa sauti, kwa idhini ya wenye haki, kungekuwa kumbukumbu nyingine inayofaa.

Siku hizi wasimuliaji wa kujitegemea, hasa kutoka Tanzania, wamejaza intaneti kwa simulizi za mapenzi, vitisho, ujasusi na vituko. Nawapongeza kwa mambo mawili. Kwanza, wamethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumshika kijana kwa saa nyingi bila picha. Pili, baadhi yao wana sauti ambazo chuo chochote kingejivunia kuzifundisha.

Lakini kasoro zipo, na msikilizaji ana wajibu wa kuzitaja. Ya kwanza ni muziki. Katika rekodi moja niliyoisikiliza, ambayo sitaitaja, jambazi alipoingia chumbani muziki ulipanda hadi sijui alisema nini, na nilipoyapata tena maneno alikuwa amekwisha kutoka. Taharuki hutokana na kujua na kutojua, na wala haitokani na makelele. Kasoro ya pili ni mbio. Wasimuliaji wengi wanasoma kana kwamba wanafukuzwa, na mwandishi aliyeijenga aya yake kwa subira anaonekana kama mtu aliyeropoka. Ya tatu ni kwamba kila kitu kinasomwa kwa hisia moja, ile ya juu kabisa, hata mhusika anapoagiza chai. Ya nne, na iliyo mbaya zaidi, ni kusoma kazi za watu bila idhini na wakati mwingine bila hata kulitaja jina la mwandishi. Riwaya za ujasusi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilijenga wasomaji wa Kiswahili katika miaka ambayo wengi waliziita takataka. Ni aibu kuwafurahia waandishi kama hao huku tukiwanyima wao, au warithi wao, jina na haki yao.

Majibu kwa wanaopinga

Nimesikia pingamizi mbili kuu kutoka kwa wenzangu na kwa walimu wetu, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba kitabu cha kusikiliza kitaua usomaji, ambao tayari ni mgonjwa. Ningekubali hoja hii kama wasikilizaji wangekuwa watu waliokuwa na kitabu mkononi wakakitupa. Kaunti ya Tana River ilihesabiwa kuwa na watu 315,943 katika sensa ya 2019, wametawanyika katika eneo kubwa ambalo barabara zake hukatwa na maji. Katika mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023, familia zilihamia kwenye miinuko na vitabu vya shule vikalowa pamoja na unga. Mtu wa mahali kama hapo asiye na kitabu hachagui kati ya kusoma na kusikiliza. Anachagua kati ya kusikiliza na kutopata kabisa. Tena wapo wenzetu wasioona. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaorahisisha utayarishaji wa vitabu kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa kuona. Tukizungumza juu ya kifo cha usomaji, tuwaulize kwanza wale ambao ukurasa wa kawaida haukuwahi kuwafungukia.

Pingamizi la pili ni kwamba ucheshi na ujasiri ni fasihi pendwa, nyepesi, isiyostahili muda wa idara. Wanaosema hivi wamesahau kwamba Liongo, ambaye hatumwiti mwepesi, ni shujaa wa visa vya ujasiri aliyejaa hila na vichekesho. Tumempa heshima kwa kuwa amezeeka. Kama angechapishwa leo katika kijitabu chenye jalada la rangi kali, ninahofia tungempita bila kumtazama. Uzito wa kazi ya fasihi haupimwi kwa sura iliyokunjwa. Mganda Pio Zirimu alipendekeza istilahi ya Kiingereza ya kuitambua fasihi ya mdomo ili isidharauliwe mbele ya maandishi. Sisi warithi wa fikra hiyo tusijenge dharau nyingine, ya huzuni dhidi ya kicheko.

Kazi iliyo mbele ya chama chetu

Maoni yasiyo na pendekezo ni malalamiko. Kwa hiyo napendekeza mambo manne ambayo chama cha wanafunzi kinaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili mkubwa.

Kwanza, tuanze na Liongo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya kazi ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Steere alifariki mwaka 1882 na Kijumwa mwaka 1945. Nathari ya mmoja na utendi wa mwingine zinaweza kusomwa na kusambazwa. Kama watu wa kujitolea waliweza kuusoma Mto Tana wa Haggard, wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kushindwa na Mto Tana wa Liongo.

Pili, wasomaji wachaguliwe kwa majaribio ya kusikia, na wanafunzi watokao Tana River na Lamu wapewe nafasi. Utendi wa Kijumwa una lugha ya Kiamu. Ukisomwa na mtu asiyejua vina vyake vinakaaje mdomoni, utaumia.

Tatu, tuwaendee wasimuliaji wa Kipokomo na Kiorma. Hadithi zao za vituko na ujasiri zirekodiwe katika lugha zao, kisha zisimuliwe kwa Kiswahili na mtu wanayemkubali. Idhini yao itafutwe na majina yao yatajwe kama wanavyotaka wao. Wazee hawa hawatungoji milele. Isitoshe, hadithi ya Muorma ikisikilizwa na Mpokomo, na ya Mpokomo ikisikilizwa na Muorma, katika lugha ambayo ni ya wote wawili, Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi ambayo warsha nyingi za amani huiota tu.

Nne, idara zetu ziingize uhakiki wa usomaji wa sauti katika kozi za fasihi. Mwanafunzi apewe rekodi moja na aulizwe: msomaji amenyamaza wapi, kwa nini, na amemfanyia nini mhusika kwa lafudhi aliyompa? Maswali hayo ni ya kitaaluma kama yalivyo maswali ya wizani na mandhari.

Hitimisho

Sauti ya Mto Tana si ngeni masikioni mwa Wakenya. Wimbo wetu wa taifa, uliopatikana mwaka 1963, ulitokana na mahadhi ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, na Mzee Meza Galana ndiye anayekumbukwa kwa kuutoa. Nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyozaliwa ukingoni mwa mto huo. Ikiwa mahadhi ya kumlaza mtoto wa Kipokomo yalitosha kuliamsha taifa, visa vya kumkesha mtoto huyohuyo, vya kumchekesha na kumtia hofu tamu, vinastahili nao kusikika nje ya kijiji chake.

Matini tunayo. Sheria inaturuhusu. Simu zimo mifukoni mwetu, na sauti nzuri zimejaa katika kumbi zetu za mihadhara. Liongo aliokolewa gerezani na watu wawili waliomjali: mama aliyefikiri na kijakazi aliyebeba mkate. Kufikiri tumefikiri vya kutosha katika makongamano. Kilichobaki ni mtu wa kuubeba mkate.